Mionzi baada ya upasuaji: uamuzi huanzia kwenye ndoo ya formalini

Mama amefanyiwa upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi. Kizazi kimetolewa pamoja na tishu za pembeni yake na tezi za limfu za nyonga. Kidonda kimepona vizuri. Ripoti ya maabara inasema uvimbe ulikuwa sentimita 2.5, umeingia hadi theluthi ya kati ya ukuta wa mlango wa kizazi, kingo ni safi na tezi zote ni safi. Je, apelekwe Dar es Salaam kupigwa mionzi kwa wiki tano, au arudi kwake Kondoa na awe anahudhuria kliniki?

Kwa ripoti hiyo hakuna daktari anayeweza kujibu, maana kuna jambo moja limeachwa. Kama mtaalamu wa patholojia aliona chembe za saratani ndani ya mishipa midogo ya damu au ya limfu, mama huyu anahitaji mionzi. Kama alitafuta na hakuziona, hahitaji, kwa sababu pale ambapo mishipa haijavamiwa uvimbe ungepaswa kufikia sentimita 4 ndipo mionzi ipendekezwe. Ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza, na jambo hilo utalikuta kwa herufi nne, LVSI. Zikikosekana, daktari wa mionzi anabaki kubahatisha: ama anamuunguzia mama kibofu na utumbo mpana bila sababu, ama anamwacha na hatari ambayo ingeweza kupunguzwa.

Vipimo hivyo vya ukubwa na kina huitwa vigezo vya Sedlis. Vinatokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1999, wa wanawake 277 waliopasuliwa wakiwa na saratani ya hatua ya IB, yaani ambayo bado haijatoka nje ya mlango wa kizazi, na tezi safi. Kati ya waliopigwa mionzi, saratani ilirudi kwa asilimia 15. Kati ya wasiopigwa, kwa asilimia 28. Ukivisoma pamoja viko hivi: mishipa ikiwa imevamiwa na uvimbe umefika theluthi ya ndani kabisa, mionzi hata kama uvimbe ni mdogo; mishipa imevamiwa na uvimbe uko theluthi ya kati, mionzi kuanzia sentimita 2; mishipa imevamiwa na uvimbe uko theluthi ya juujuu tu, kuanzia sentimita 5; mishipa haijavamiwa, basi uvimbe uwe wa theluthi ya kati au ya ndani na ufikie sentimita 4. Kwa hiyo daktari wa mionzi anahitaji mambo matatu: ukubwa kwa sentimita, kina kwa theluthi na hali ya mishipa. Ukikosa moja, mawili yaliyobaki hayakusaidii.

Yapo mengine matatu ambayo likionekana hata moja tu hakuna hesabu ya kupiga: saratani kwenye tezi, saratani kwenye kingo za kilichokatwa, au saratani kwenye tishu za pembeni ya kizazi. Hapo mionzi hutolewa pamoja na sisplatini, dawa ya kemo, yaani ya kuua chembe za saratani kwa dripu. Utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba baada ya miaka 4, asilimia 81 ya waliopata mionzi na dawa pamoja walikuwa hai, dhidi ya asilimia 71 ya waliopata mionzi peke yake.

Watu wakisikia habari za kutabiri kama saratani itarudi, huwaza vipimo vya vinasaba vya nje ya nchi. Vipo. Oncotype DX, kwa mfano, husoma jeni 21 za saratani ya titi yenye vipokezi vya homoni, yaani ile inayochochewa na homoni za mwili, na kazi yake kubwa ni kusaidia uamuzi wa kemo. Lakini kipimo hicho nacho hufanyiwa kwenye kibloku kilekile cha nta, chenye kipande cha nyama ndani, kilichotengenezwa na maabara iliyopokea nyama kutoka chumba cha upasuaji. Kibloku kikiwa kimeoza ndani, hakuna kipimo cha bei yoyote kitakachokifufua. Ndiyo maana kwa hospitali za wilaya na za mkoa katika kanda ya kati, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Manyoni na Singida, sehemu kubwa ya utabiri hushinda au hupotea ndani ya saa moja baada ya nyama kutoka mwilini.

Nyama ikikatwa, damu yake imekatika, na kuoza kunaanza papo hapo. Katika joto la Dodoma la Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, beseni lililosahaulika kwenye kona ya chumba cha upasuaji linaharibika haraka. Kiwango kinachofuatwa kimataifa kwa titi ni kwamba liingie kwenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, ndani ya saa 1, na likae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Likikaa muda mfupi mno au mrefu mno, vipokezi vya homoni vinaweza kusomeka kwamba havipo ilhali vipo, na mwanamke ananyimwa tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, ambayo ingemsaidia kwa miaka mitano au zaidi.

Kosa la kwanza liko kwenye kuchanganya dawa yenyewe. Chupa inayotoka stoo imeandikwa formaldehidi asilimia 37 hadi 40. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa formalini kamili, yaani asilimia 100. Ili upate formalini ya asilimia 10, unachukua sehemu 1 ya chupa hiyo na sehemu 9 za maji. Anayeona 40 kwenye lebo akaigawa kwa 4, akaweka sehemu 1 kwa 3 za maji, amepata dawa yenye nguvu mara mbili na nusu ya inayotakiwa: nje ya nyama inakakamaa upesi na vipimo vya vipokezi vinavurugika. Anayeichukua iliyokwisha kuchanganywa na kuiongezea maji tena, amebaki na maji yenye harufu tu. Kwa kila lita 1, yaani mililita 100 za dawa na 900 za maji, ongeza gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za daisodiamu haidrojeni fosfeti. Chumvi hizo huzuia dawa isiwe na asidi. Bila hizo, kwenye slaidi huota chembechembe za rangi ya kahawia iliyokolea na kumsumbua msomaji.

Kosa la pili ni chombo kidogo. Formalini inatakiwa iwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Titi la gramu 700 linahitaji takribani lita 7, kwa hiyo ndoo ya lita 10 yenye mfuniko unaobana. Nyama iliyosukumwa kwenye kopo dogo hadi ikachukua umbo la kopo inapoteza sura, na ikipoteza sura, kingo zake hazipimiki tena.

La tatu ndilo ambalo wengi hawalifahamu. Formalini huingia takribani milimita 1 katika saa ya kwanza, kisha mwendo wake unapungua kadiri inavyozama, na kwenye mafuta huwa mzito zaidi. Titi zima likitumbukizwa Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi ngozi itakuwa ngumu kama inavyotakiwa, lakini kisu kikipita katikati utakuta tope la kijivu. Hapo katikati ndipo uvimbe ulipokuwa. Dawa yake ni kulikata vipande vya unene wa milimita 5 hadi 10 kutokea upande wa nyuma, bila kuvitenganisha kabisa, na kuweka gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) kati ya kipande na kipande ili dawa ipite. Ila kabla kisu hakijagusa chochote, uso wa nje unakaushwa kwa gozi na kupakwa wino, kwa sababu baada ya kukata hakuna atakayejua ukingo wa kweli ulikuwa wapi. Kazi hii ni ya maabara au ya mtu aliyefundishwa. Kama maabara iko mbali, daktari wa upasuaji apige simu kabla ya siku ya upasuaji na wakubaliane: nani atakata, kwa mkato mmoja au zaidi, na gari litaondoka saa ngapi.

Daktari aweke nyuzi za kuonyesha upande: uzi mfupi juu, uzi mrefu upande wa nje kuelekea kwapani, na aandike hivyo kwenye fomu. Tezi za kwapani zikitolewa peke yake ziwe na chombo chake. Jina na namba ya faili ziandikwe kwenye ubavu wa ndoo, kamwe si kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana. Karatasi ya ndani iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka.

Tuje kwenye titi, ambako hesabu ni tofauti na ubishi ni mwingi zaidi.

Mwanamke aliyeondolewa titi lote anapimwa hasa kwa tezi za kwapani. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya majaribio 22 na wanawake 8,135, ulionyesha kwamba kwa waliosafishwa kwapa na kukutwa na saratani kwenye tezi 1 hadi 3, mionzi ilishusha kurudi kwa saratani kifuani au kwapani katika miaka 10 kutoka asilimia 20.3 hadi 3.8. Kwa wenye tezi 4 au zaidi ilishuka kutoka 32.1 hadi 13. Kwa waliokuwa hawana tezi hata moja yenye saratani, hakukuwa na faida. Kwa hiyo tezi 4 na kuendelea, uvimbe uliopita sentimita 5 wenye tezi zilizoguswa, saratani iliyoingia kwenye ngozi au ukuta wa kifua, au ukingo wenye saratani: mionzi. Uvimbe mdogo, tezi sifuri, kingo safi: hapana.

Ugumu uko kwa tezi 1 hadi 3. Wanawake wa uchambuzi ule walitibiwa miongo mingi iliyopita. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la SUPREMO, la wagonjwa 1,607 wenye hatari ya kati waliopata dawa za kisasa: baada ya miaka 10 saratani ilikuwa imerudi kwenye ukuta wa kifua kwa asilimia 1.1 ya waliopigwa mionzi na asilimia 2.5 ya wasiopigwa, na idadi ya waliokuwa hai ilikuwa karibu sawa, 81.4 dhidi ya 81.9. Kuna watakaosoma hapo na kusema tezi 1 hadi 3 haihitaji mionzi tena. Tunawasihi wasiende mbio. Wanawake wale walisafishwa kwapa ipasavyo na wakapata dawa zao. Mwanamke ambaye kwapani zilitolewa tezi 3 tu, moja ikiwa na saratani, na aliyeacha kemo baada ya dripu ya pili kwa kukosa nauli, hafanani nao. Huyo apigwe mionzi.

Hapo ndipo namba ya chini inapokuwa na uzito kuliko ya juu. Tezi 1 kati ya 15 na tezi 1 kati ya 3 zinasomeka kama ugonjwa mmoja, lakini ya pili inaacha swali la zile ambazo hazikutolewa au hazikutafutwa ndani ya mafuta. Usafishaji kamili wa kwapa unatarajiwa kutoa angalau tezi 10. Zikiwa pungufu, kabla ya kumlaumu aliyepasua, omba maabara irudi kwenye mafuta yaliyobaki kabla ndoo haijamwagwa, iyachambue upya kwa vidole na kisu. Tezi ndogo za milimita 3 hupatikana hivyo.

Aliyeondolewa uvimbe tu na titi likabaki, karibu kila mara anahitaji mionzi. Uchambuzi wa mwaka 2011 wa wanawake 10,801 ulionyesha kurudi kwa saratani katika miaka 10 kukishuka kutoka asilimia 35 hadi 19.3. Walio nje ya kanuni hii ni wachache: umri wa miaka 65 na kuendelea, uvimbe usiozidi sentimita 3, tezi safi, vipokezi vya homoni vipo, na anameza vidonge vya kuzuia homoni. Katika jaribio la PRIME II, kwa wanawake wa aina hiyo, kuacha mionzi kulileta kurudi kwa asilimia 9.5 ndani ya titi katika miaka 10 dhidi ya 0.9, bila tofauti ya vifo. Bibi wa miaka 70 kule Chamwino anaweza kuepushwa safari nzima, ilimradi kipimo cha vipokezi kilifanyika na kinaaminika, na vidonge vinapatikana kila mwezi. Bila hayo mawili, msamaha huo haumhusu.

Wengi hapa kwetu hufika uvimbe ukiwa mkubwa, wakaanzishiwa kemo kabla ya upasuaji. Kwa hao ripoti ya baada ya upasuaji peke yake inadanganya. Uvimbe uliokuwa sentimita 8 ukiwa umeota ngozini unaweza kutoka ukiwa sentimita 1, na asiyejua historia ataandika hatari ndogo. Kabla ya dripu ya kwanza pima uvimbe kwa rula, andika sentimita, eleza ngozi ilivyo, shika kwapa na juu ya mtulinga, na tezi inayotiliwa shaka ichomwe sindano na kupimwa. Dakika kumi za siku ile haziwezi kurudishwa baada ya miezi sita.

Kuhusu tezi dume tutasema machache. Aliyetolewa tezi yote kwa sababu ya saratani anafuatiliwa kwa kipimo cha damu cha PSA, ambacho baada ya wiki 6 hadi 8 kinapaswa kuwa hakionekani. Kikipanda hadi 0.2 na kikarudiwa kikathibitika, hapo mionzi inajadiliwa mapema, kisisubiriwe kifike 2 au 5. Rudieni maabara ileile. Na wazee wengi waliokwanguliwa tezi kwa sababu ya mkojo kuziba hawamo kwenye hesabu hii: sehemu ya tezi bado ipo, na PSA yao haitafika sifuri hata wakiwa wazima.

Kipo kikokotoo cha bure mtandaoni kiitwacho PREDICT kwa saratani ya titi. Kimejengwa kwa takwimu za Uingereza na kinatabiri kuishi, hakisemi saratani itarudi kifuani au la. Kinafaa kwa mazungumzo na mgonjwa, hakifai kuwa mwamuzi wa mionzi.

Sasa kwa mgonjwa na ndugu zake. Kwa miaka mingi wagonjwa wa mionzi kutoka kanda ya kati wamekuwa wakienda Ocean Road, Dar es Salaam, na wengine Bugando, Mwanza. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imeifupisha safari, lakini mzigo wa familia huwa ni malazi. Ndiyo maana idadi ya siku inafaa kuulizwa mapema. Kwa titi, ratiba ya zamani ilikuwa grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa siku 25 za mionzi, yaani wiki tano. Ratiba ya grei 40 kwa siku 15 imethibitika kuwa sawa, na jaribio la FAST-Forward la mwaka 2020 lilionyesha kwamba ratiba ya grei 26 kwa siku 5 haikuwa duni katika kuzuia saratani kurudi. Daktari wa mionzi ndiye anayechagua, kwa kuangalia tezi na mashine, ila kuuliza si utovu wa adabu.

Kabla ya kuondoka hospitali mliyopasuliwa, semeni hivi: "Shikamoo daktari. Tunaomba ripoti kamili ya maabara ya mama, siyo barua ya rufaa peke yake. Tunaomba pia maelezo ya upasuaji, na namba ya vibloku vyake na vilipo." Kama alipata kemo, ombeni karatasi ya dripu yenye majina ya dawa na tarehe. Kipimo cha vipokezi kikiwa hakijafanyika, vibloku vyenyewe vinaweza kuombwa vipelekwe kupimwa. Havipaswi kukaa juani kwenye dashibodi ya gari, kwani nta huyeyuka.

Halafu kuna mkono. Ili kifua kipigwe mionzi, mgonjwa hulala chali mkono wa upande uliopasuliwa ukiwa juu ya kichwa, bila kutikisika, kila siku. Asiyeweza kuuinua anarudishwa, na wiki zinapita. Mara daktari anaporuhusu, kwa kawaida mrija wa kutoa majimaji ukishatolewa, asimame akitazama ukuta na kupandisha vidole polepole juu ya ukuta huo hadi anapohisi kuvuta, ahesabu hadi kumi, ashuke. Mara tano, asubuhi, mchana na jioni. Awekewe alama ya chaki ukutani aone anavyopanda. Ikiwa hapati kemo, lengo ni mionzi ianze kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya upasuaji. Ikiwa anapata, huanza wiki chache baada ya dripu ya mwisho. Msimu wa kulima ukiingia katikati, ndugu wengine washike jembe.

Aliyeambiwa hahitaji mionzi bado ana kliniki: kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3 ya mwanzo, kila miezi 6 hadi 12 kwa miaka 2 inayofuata, kisha mara moja kwa mwaka. Kwa aliyeondolewa titi, mpimaji apitishe vidole kwenye kovu lote, kwenye ukuta wa kifua, kwapani na juu ya mtulinga, pande zote mbili, na titi lililobaki lipigwe picha ya mamografia kila mwaka. Kinundu kigumu kama punje ya choroko kwenye kovu, hata kisichouma, kichomwe sindano wiki hiyohiyo.